Fomu ya Asilimia

Mkuu wa taaluma kaleta fomu,
karatasi moja, visanduku vinne:
somo lako liko mtandaoni kiasi gani?
Sifuri. Theluthi. Nusu. Lote.
Weka alama ya vema, tia saini,
rudisha kabla ya Ijumaa, saa sita.

Leo Alhamisi. Uyole kumefunga ukungu
mzito kama uji wa ulezi,
na wino umegoma kushuka.

Nilipoanza kazi ilikuwa sifuri kavu:
chaki, ubao wenye ufa,
notisi za njano nilizorithi kwa marehemu Mwasomola
naye alizirithi kwa mwingine.
Tulifundisha kwa imla. Nukta. Mstari mpya.
Wanafunzi sitini, kitabu kimoja,
na kurasa za ndigana kali kuna mtu alizichana.
Anayesema zamani ilikuwa dhahabu
hakugombania kitabu kile.

Baadaye nikatia mtandao kidogo,
kama chumvi kwenye maharage:
notisi, picha za kupe, maswali ya kujipima.
Tumpe anauza chai pale Kabwe tangu alfajiri;
mkono mmoja unamimina, mwingine umeshika simu
yenye kioo kilichopasuka katikati ya tumbo la nne la ng'ombe.
Saa nne anaingia darasani ananukia tangawizi
na swali ambalo sikulitegemea.

Halafu ule muhula upepo ulipoezua ukumbi.
Wiki sita, kila mtu kwao.
Nilifundisha herufi: T, L, A,
vijiduara vyenye rangi, visivyo na macho.
Siku moja nimeeleza ucheuaji dakika ishirini,
nimechora, nimetania, nimecheka mwenyewe,
ndipo ukaja ujumbe: Mwalimu, umezima sauti.
Ukuta wa sebule yangu unajua ucheuaji vizuri sana.

Lakini ni wiki hizohizo Luhwano,
kule Makete, alikuwa akipanda shamba la viazi
hadi kwenye mkaratusi mmoja
ambako mtandao unashika vijiti viwili.
Ujumbe wa sauti, nusu upepo, nusu yeye:
Mwalimu, ng'ombe wa mama kazaa juzi, hasimami.
Akatuma video ya sekunde nne.
Shingo imepinda ubavuni, masikio ya baridi.
Nikamjibu: hiyo ni homa ya maziwa, mkimbilie bwana mifugo,
mwambie kalisi, mshipani, polepole.
Jioni picha: ng'ombe kasimama,
na mama yake pembeni, kashika kamba,
hatazami kamera, anatazama kwato.

Hilo niliandike kisanduku gani?

Mafunzo yalipofunguliwa alikuja, mrefu kuliko sauti yake.
Video ya kupima mimba kaitazama mara kumi na moja,
nimehesabu, mfumo unahesabu kila kitu.
Nikamvalisha glavu hadi begani.
Mkono ukaingia, ukasimama, akageuka kuniangalia
kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila hodi.
Usishindane naye, nikamwambia.
Akibana, tulia. Akiachia, songa.
Kimya. Mvuke unatoka puani mwa ng'ombe,
mvuke unatoka kinywani mwa Luhwano.
Kisha uso ukabadilika, akanong'ona:
Kapiga teke.

Lile teke halikurekodiwa popote.
Tumpe alikuwa nyuma yake kwenye foleni,
akasema sogea na mimi nimguse.

Saa tano na nusu usiku. Nimegeuza fomu,
upande wa nyuma, ulio mweupe, nimeandika:
Inategemea ng'ombe.
Nikatia saini.

Najua itarudi Jumatatu
na kalamu nyekundu: Tafadhali chagua kimoja.
Jumatatu saa mbili niko zizini na kundi la pili.
Wajao waje na gambuti.
Wa mbali, nitaacha simu juu ya nguzo, imewashwa,
ila sauti, mnikumbushe.